Sarafu ya haléř ya Wacheki, na jinsi inavyohusiana na neno letu "hela"

Wiki chache zilizopita, msikilizaji wetu mmoja alitutumia picha ya sarafu kwa simu. Ndugu yake ni mpagazi wa mlimani, na siku moja katika bakshishi aliyopewa na wageni alikuta kisarafu kidogo cheupe, chepesi kama kifuniko cha chupa. Upande mmoja kuna simba aliyevaa taji, na mkia wake umegawanyika mara mbili. Upande wa pili kuna namba 10 na herufi h. Swali lake lilikuwa fupi: "Hii ni ya nchi gani, na ni shilingi ngapi?"

Nilimjibu hewani kwa dakika mbili, lakini simu zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko muda tulionao studio. Nikaahidi kuandika. Haya ndiyo majibu marefu.

Sarafu hiyo ni ya Jamhuri ya Czech, nchi ya Ulaya ya kati ambayo mji wake mkuu ni Prague. Thamani yake iliyoandikwa ni haléř 10. Neno hilo hutamkwa karibu na "halerzh", ulimi ukitetemeka mwishoni. Wacheki wenyewe husema wageni wengi hawaiwezi hiyo herufi ya mwisho, kwa hiyo usione aibu. Haléř 100 hufanya koruna moja, kama senti 100 zinavyofanya shilingi moja. Kwa viwango vya miaka hii koruna moja ni kama shilingi mia na kitu za Tanzania, hivyo haléř 10 zingekuwa kama shilingi kumi hivi.

Nasema "zingekuwa" kwa sababu sarafu hiyo haina thamani tena. Ilikoma kutumika madukani tarehe 31 Oktoba 2003. Benki Kuu ya Czech iliendelea kuipokea na kuibadilisha kwa miaka mitano zaidi, mpaka 31 Oktoba 2008, kisha dirisha likafungwa. Inawezekana mgeni mwenyewe hakujua. Sarafu za namna hiyo hukaa kwenye mkoba wa safari miaka na miaka zikichanganyika na nyingine. Na hata angetoa sarafu ya Kicheki inayotumika hadi leo, maduka yetu ya kubadilishia fedha kwa kawaida hupokea noti tu. Wapagazi na waongozaji mnaosoma hapa mnalijua hilo kuliko mimi.

Neno lililosafiri

Sasa itazame tena hiyo herufi h. Haléř. Kwa Kijerumani neno hilohilo ni Heller. Kwa Kiswahili ni hela.

Neno hili lilianzia katika mji mmoja mdogo wa kusini mwa Ujerumani unaoitwa Schwäbisch Hall. Karibu miaka 800 iliyopita mji huo ulikuwa ukifua visarafu vya fedha vya thamani ndogo, upande mmoja mkono wa binadamu, upande mwingine msalaba. Watu wakaviita kwa jina la mji, "vya Hall", na jina likageuka kuwa Heller. Visarafu hivyo vilienea sana, na katika nchi nyingi za jirani neno hilo likawa jina la sarafu ndogo kuliko zote.

Mwaka 1892 dola kubwa ya Austria na Hungaria, iliyotawala pia nchi ya Wacheki, ilileta fedha mpya: koruna moja, iliyogawanywa katika heller 100. Wacheki waliokuwa chini ya dola hiyo waliiita haléř. Dola hiyo ilipovunjika mwaka 1918 na Czechoslovakia kuzaliwa, nchi mpya ilibaki na majina yote mawili, koruna na haléř.

Huku kwetu neno lilikuja kwa barabara nyingine. Wajerumani walipotawala Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanzania Bara ya leo pamoja na Rwanda na Burundi, fedha iliyotumika ilikuwa rupia, na rupia moja iligawanywa katika pesa 64. Neno pesa lenyewe limetoka India, lilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi. Hesabu ya 64 iliwachosha maofisa wa Kijerumani, waliozoea kuhesabu kwa mia. Mwaka 1904 wakabadilisha: rupia moja ikawa heller 100. Sarafu za nusu heller, heller 1, 5 na 10 zikaingia mikononi mwa watu. Zile za heller 10 zilikuwa na tundu katikati, na baadaye hata za heller 5, hivyo mtu aliweza kuzitunga kwenye kamba kama shanga.

Ulimi wa Kiswahili hauupendi mkato wa Kijerumani mwishoni mwa neno. Heller ikawa hela. Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaleta shilingi mwaka 1921, sarafu zenye tundu zikaisha mifukoni, lakini neno likabaki na kukua. Zamani heller moja ilikuwa sehemu ya mia ya rupia. Leo mtu mwenye mabasi kumi tunasema ana hela.

Kuna jambo lililonishangaza nilipokuwa nikisoma kuhusu habari hii. Sarafu nyingi za heller zilizoletwa Afrika Mashariki zilifuliwa Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani. Ukiona herufi ndogo J kwenye heller ya kale, hiyo ni alama ya kiwanda cha Hamburg. Herufi A ni ya Berlin. Na Wacheki walipohitaji haléř mpya kwa haraka mwaka 1993, sehemu ya kazi hiyo ilipelekwa Hamburg. Kiwanda kile kile kilichofua hela za babu wa babu zetu kilifua na hizi za Wacheki, miaka karibu tisini baadaye.

Nchi iliyobaki bila kiwanda cha fedha

Kwa nini nchi ya Ulaya yenye viwanda vingi iende kuomba sarafu kwa jirani? Czechoslovakia iligawanyika kwa amani. Usiku wa kuamkia 1 Januari 1993 zikawa nchi mbili, Jamhuri ya Czech na Slovakia. Mpango ulikuwa nchi zote mbili ziendelee na fedha moja kwa muda. Mpango huo haukumaliza hata wiki sita. Watu walianza kuhamisha akiba zao upande waliouona salama, na tarehe 8 Februari 1993 fedha ikagawanywa nayo.

Noti mpya zilikuwa hazijatosha. Walichofanya ni kuchukua noti za zamani na kuzibandika stempu ndogo: herufi C kwa noti ya 100, D kwa 500, M kwa 1,000, kwa kufuata namba za Kirumi. Noti ya namba hizo isiyo na stempu haikuwa fedha tena. Sarafu huwezi kuzibandika stempu, kwa hiyo za zamani ziliachwa zitumike kwa miezi kadhaa wakati mpya zikitengenezwa.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Kiwanda cha kufua sarafu cha Czechoslovakia kilikuwa Kremnica, mji uliokuwa ukifua fedha tangu mwaka 1328. Mpaka ulipochorwa, Kremnica ikaangukia Slovakia. Wacheki wakabaki na serikali, benki kuu na michoro mizuri, lakini hawana mashine ya kufulia hata kisarafu kimoja.

Sarafu za haléř 10, 20 na 50 za mwanzo zikafuliwa Hamburg. Za koruna 1, 2 na 5 zikafuliwa mbali zaidi, Winnipeg nchini Kanada. Wakati huohuo kiwanda kipya kikaanzishwa nyumbani, katika mji wa Jablonec nad Nisou kaskazini mwa nchi. Mji huo ulikuwa maarufu kwa shanga za vioo na mapambo ya bei nafuu. Mafundi wake walikuwa wamezoea kukata, kugonga na kung'arisha vitu vidogo vidogo, kwa hiyo kuhamia kwenye sarafu haikuwa safari ndefu. Alama ya kiwanda hicho ni herufi b yenye taji juu yake, kutokana na neno bižuterie, yaani mapambo. Mwenye sarafu ya Kicheki mkononi aitafute alama hiyo. Inahitaji macho makali au kioo cha kukuzia.

Sarafu inavyofuliwa

Tuishike sasa yenyewe. Haléř 10 ina upana wa milimita 15.5, ndogo kuliko ukucha wa dole gumba la mtu mzima, na uzito wa gramu 0.6. Imetengenezwa kwa alumini, jamii ileile ya metali inayotengeneza sufuria zetu. Sarafu zote tatu za haléř zilikuwa za alumini. Kuanzia koruna moja kwenda juu zikawa za chuma kilichopakwa metali nyingine, nikeli kwa zile nyeupe, shaba kwa koruna 10 yenye rangi ya kahawia.

Kazi huanza kwa msanii. Huchonga mchoro kwenye plasta, mkubwa kama sahani ya chakula, ili kila unywele wa simba uonekane. Mchoro huo hupunguzwa kwa mashine mpaka ukubwa halisi wa sarafu na kuchongwa kwenye chuma kigumu sana. Chuma hicho ndicho muhuri. Kwa kila sarafu inahitajika mihuri miwili, wa mbele na wa nyuma.

Upande mwingine wa kiwanda, karatasi ndefu ya metali hukatwa visahani vya mviringo, kama mama anavyokata maandazi kwa glasi. Visahani hubanwa pembeni ili kuinua ukingo, kwa sababu sarafu isiyo na ukingo mchoro wake husagika haraka mifukoni. Kisha hupashwa moto ili vilainike, husafishwa, hukaushwa. Mwisho kila kisahani huwekwa kati ya mihuri miwili ndani ya pete ya chuma, na mashine huibana mara moja kwa nguvu ya tani nyingi. Simba upande huu, namba upande ule, kwa pigo moja. Mashine za kisasa hufanya hivyo mamia ya mara kwa dakika.

Kwa michoro, mimi binafsi navutiwa zaidi na sarafu ya koruna 2. Aliyeichora ni mwanamke, Jarmila Truhlíková-Spěváková, ambaye pia alichora ile ya koruna 1. Kwenye koruna 2 aliweka pambo la kale, kifungo cha vazi cha enzi za dola ya Moravia Kuu, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Sarafu hiyo ina pembe 11, na ile ya koruna 20 ina pembe 13. Asiyeona anaweza kuzitofautisha kwa vidole, na hata anayeona, gizani, hapunjwi.

Ilivyokufa

Sarafu ndogo hufa kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja. Bei zinapanda mpaka kipande kile hakinunui chochote, na gharama ya kukitengeneza inazidi thamani iliyoandikwa juu yake. Ongeza na tabia ya watu. Kisarafu cha gramu 0.6 hakirudi dukani. Kinaishia kwenye kikombe juu ya kabati, kwenye droo, chini ya kiti cha gari. Benki inabaki kufua vingine vipya kila mwaka ili vikapotee vilevile. Ndiyo maana haléř 10 na 20 ziliondolewa pamoja mwaka 2003. Haléř 50 ilifuata tarehe 31 Agosti 2008. Tangu hapo sarafu ndogo kuliko zote nchini Czech ni koruna 1.

Kinachotuhusu hapa ni swali ambalo kila mwenye duka na kila mnunuzi angeuliza. Bei bado zinaandikwa kwa haléř. Mpaka leo utakuta mkate umeandikwa koruna 39.90. Kama haléř hazipo, ile tofauti anakula nani?

Jibu lao ni kanuni ya kukadiria, nayo ni rahisi. Muuzaji hujumlisha vitu vyote kwanza, kwa bei kamili zilizoandikwa. Jumla ikiisha kwa haléř 1 mpaka 49, zinafutwa. Ikiisha kwa 50 mpaka 99, inapanda koruna moja. Jumla ya koruna 87.40 utalipa 87. Jumla ya 87.60 utalipa 88. Mara nyingine unapoteza wewe, mara nyingine duka.

Uzito wa kanuni hiyo uko kwenye neno jumla. Chukua mfano wa vitu vitano, kila kimoja koruna 4.60. Muuzaji akikadiria kimoja kimoja, kila kitu kinakuwa 5 na utalipa 25. Akijumlisha kwanza, ni 23 kamili, hakuna cha kukadiria. Koruna mbili nzima zimeokolewa kwa kubadili tu mahali pa kufanyia hesabu. Na anayelipa kwa kadi hakadiriwi kabisa, anakatwa 87.40 hivyohivyo, kwa sababu kwenye kompyuta ya benki haléř bado ni hai.

Kanuni haizibi kila tundu. Bei inayoishia .90 ni mtego wa zamani wa wafanyabiashara, na mtu anayenunua kitu kimoja tu cha 39.90 kwa fedha taslimu atalipa 40 kila siku. Lakini anajua hivyo kabla ya kutoa mfuko, na anajua siku atakayonunua cha 39.40 atalipa 39.

Nikilinganisha na huku nacheka kidogo. Mwezi uliopita nilinunua sabuni na kiberiti dukani, nikastahili chenji ya shilingi 50. Muuzaji akanipa pipi mbili bila hata kuniuliza, na nyumbani kwangu hakuna mtoto mdogo. Simlaumu sana, sarafu kweli hana. Lakini sijawahi kumwona muuzaji akipokea pipi kutoka kwa mteja aliyepungukiwa na shilingi 50. Kwetu kukadiria kupo siku zote, ila hakujaandikwa popote, na mara nyingi kunaelekea upande mmoja.

Tabora, 1916

Siwezi kumaliza habari ya hela bila kupita kwenye reli ya kati. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari za Waingereza zilifunga bahari na sarafu kutoka Ujerumani zikawa haziwezi kufika. Askari na wapagazi walitakiwa kulipwa. Wajerumani wakafanya mwaka 1916 jambo ambalo Wacheki hawakuweza kulifanya mara moja mwaka 1993: walifua sarafu zao wenyewe, katika karakana ya reli Tabora.

Zilitoka sarafu za heller 5 na heller 20, za shaba na shaba ya njano, zikiwa na taji na herufi D.O.A., ufupisho wa jina la koloni kwa Kijerumani, na mwaka 1916. Ilitoka pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Mihuri ilikuwa ya kuchongwa palepale na mashine hazikuwa za kazi hiyo, kwa hiyo hela za Tabora ni nene, zimepinda kidogo, na haziko sawa moja na nyingine. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora na kazi hiyo ikafika mwisho.

Hela za shaba za Tabora hazikuisha zote. Wakulima huziokota mashambani mvua ikishanyesha, na wengine wanazo kwenye makopo ya vifungo waliyoachiwa na bibi zao. Kama unayo, usiisugue kwa mchanga, jivu wala limao. Wakusanyaji wa sarafu huthamini ile rangi yake ya uzee, na sarafu iliyong'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake. Ipige picha pande zote mbili, mchana, ukiweka sarafu ya shilingi 100 pembeni ili tuone ukubwa, ututumie kwa namba ileile mnayoitumia kwenye kipindi.

Na kwa ndugu wa mpagazi: sarafu yako ni ya mwaka 1996, namba inaonekana vizuri kwenye picha upande wa simba. Dukani haikununulii kitu, lakini mtoto wako akikuuliza neno hela limetoka wapi, unayo ya kumwonyesha.